Kadi Tupu Ndani ya Mkebe wa Biskuti

Ninyi wa siku hizi mnafuta picha kama mtu anayefukuza nzi. Mjukuu wangu wa kike huja kunisalimu Jumapili baada ya misa. Anakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa, na kabla chai haijapoa amekwisha kujipiga picha nyingi za uso wake, akazifuta zote akabakiza moja. Nikimuuliza zile nyingine zilikosa nini, ananijibu, "Koko, niko mubaya ndani." Koko ni mimi, bibi yake. Nakunywa chai yangu. Mtoto ana sura nzuri ya mama yake, na hajui.

Mimi nimepiga picha Butembo na Beni tangu usichana wangu mpaka macho yalipoanza kuniletea bibi harusi wawili mahali penye mmoja. Watu waliniita Mama Foto. Hata padri aliwahi kusimamisha mahubiri akasema, "Mama Foto, sogea kidogo, unamziba Bwana Yesu." Sasa nimekaa nyumbani, magoti yananiuma kwa baridi ya mlima, na bado hawaishi kuja watu mlangoni wakilia: picha zimefutika, za ubatizo, za kilio, za mtoto alipoanza kutembea. Nitasema hapa mara moja, msikie wote, halafu mniache nipumzike.

Ukifuta picha kwa bahati mbaya, acha hapo hapo. Usipige nyingine, hata kama askofu anapita. Zima kamera, toa kadi, sukuma kile kidude cha pembeni kinachoifunga isiandikwe tena, iweke mahali pakavu. Usiirudishe kwenye kamera eti kuangalia tu, na kamera ikikuuliza kama iitengeneze kadi upya, kataa. Kisha tafuta mtu mwenye kompyuta na subira. Asipokuwa na subira, kompyuta yake haitakusaidia. Hayo ndiyo yote. Lakini nawajua, mkisikia "hayo ndiyo yote" mnainuka na kwenda zenu bila kuelewa. Kaeni. Siwezi kuyaeleza vizuri bila kumtaja Papa Musubao na mikebe yake ya biskuti.

Papa Musubao ndiye aliyenifundisha kazi. Studio yake ilikuwa kwenye mteremko chini ya soko la Butembo, chumba kimoja cha matofali, na ukutani pazia alilolichora mwenyewe: maporomoko ya maji, na juu yake ndege ya abiria. Ndege ile ilikuwa na mabawa mawili upande mmoja. Wateja hawakujali. Kila mtu wa Butembo aliyekuwa na haja ya kuonekana amesafiri alisimama chini ya ndege ile akiwa ameshika koti mkononi.

Alinifundisha kufagia kwanza. Vumbi letu jekundu ni adui wa picha kuliko giza, alisema, na kwa muda mrefu nilishika ufagio kabla sijashika kamera. Hakuwa mtu wa kukaripia. Ukikosea, alikohoa. Ukikata picha ukamwacha mtu bila sikio, alikohoa. Ukimweka mama mkwe katikati na bibi harusi pembeni, alikohoa mpaka mgeni akauliza kama mzee ana kifua. Nimeogopa kikohozi kile kuliko matusi ya watu wengine wote niliowahi kufanya nao kazi.

Tatizo letu la kwanza lilikuwa majina. Kwetu Wanande jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, mvulana wa pili ni Kambale, na kadhalika, kwa hiyo kila nyumba ina Kambale wake, na Jumamosi sanduku la bahasha lilijaa Kambale watupu. Siku moja Kambale mmoja alipewa picha za Kambale mwingine, akazipeleka kwa wakwe zake bila kufungua bahasha, na huko wakauliza yule mwanamke aliyemshika mkono ni nani. Baada ya hapo Papa Musubao aliandika alama: Kambale wa baiskeli, Kambale wa kofia. Kambale wa meno alipoiona bahasha yake alikasirika, akasema atahamia studio nyingine. Akarudi. Pazia lenye ndege lilikuwa kwetu tu.

Na mikebe. Kila filamu tuliyopiga aliiviringisha, akaifunga na karatasi yenye jina, akaiweka ndani ya mkebe wa biskuti, ule wa bati wa duara. Hata filamu iliyoharibika. Hata ile iliyoingia mwanga ikawa nyeusi yote, haina macho wala pua, aliiandika jina la mwenyewe na kuiweka. Nilimuuliza mapema kabisa kwa nini tunatunza takataka. Alisema, "Sura ya mutu haitupwake. Hata kama hauioni."

Vita ilipoingia mjini mara ya kwanza, watu walikimbia na magodoro, sufuria, mbuzi. Papa Musubao alikodi chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, akapanga mikebe juu yake. Mke wake alisimama mlangoni akauliza, "Na matela?" Yaani godoro. Akamjibu kwamba godoro tutapata lingine. Tulipanda barabara ya Lubero na baridi yake, mimi mkebe mmoja kichwani, na watoto wa njiani wakatufuata wakiimba biskuti, biskuti. Kwenye kizuizi kimoja askari alifungua mkebe kwa furaha kubwa. Alipoona utepe wa kahawia ndani alituangalia kama watu wagonjwa, akatuachia. Yule mama hakumsamehe mumewe kwa usiku ule wa kulala juu ya majani ya viazi, na sidhani alipaswa kumsamehe.

Filamu za rangi tulizituma Kampala kusafishwa, kwa mkono wa wafanyabiashara waliopitia mpaka wa Kasindi. Barabara ikifungwa, picha zinasubiri huko. Kuna bibi harusi aliyeziona picha zake za ndoa akiwa anamnyonyesha mtoto. Alicheka, akasema kumbe nilikuwa mwembamba. Siku hizi mtu akingoja picha dakika moja anatikisa simu. Mimi natamani mara nyingine kungoja kule. Ulipokuwa huwezi kuona picha, uliikumbuka sherehe yenyewe.

Halafu ikaja kamera ya kadi, aliyoileta mfanyabiashara mmoja kutoka Dubai. Papa Musubao aliizungusha, akaiweka sikioni, akatafuta mahali pa kuifungua.

"Film iko wapi?"

Nilimwonyesha kadi kwenye kiganja changu. Aliitazama muda mrefu.

"Batu bote ba harusi bataingia humu?"

"Bote, Papa. Na ba kesho."

Akafanya ishara ya msalaba. Sikumcheka. Mimi pia niliogopa, ila nilikuwa na umri wa kuficha.

Sasa nifike kwa Masika. Masika alikuwa binti wa kwanza wa mkulima mmoja aliyekuwa na shamba la kakao upande wa Mabalako na nyumba mjini Beni. Kama desturi yetu, wazazi tuliwaita kwa jina la binti: Papa Masika na Mama Masika. Harusi ilifanyika Beni, parokia ikajaa, na sisi tulishuka kutoka Butembo na ile kamera mpya. Vita ilikuwa haijaisha. Ilikuwa imehamia mashambani tu, huko ambako watu huendea riziki yao.

Papa Masika hakupenda picha. Alikuwa hajawahi kusimama mbele ya kamera ila siku ya kutengenezewa kadi ya uchaguzi, na hiyo kwa kulazimika. Nilimuuliza sababu wakati namwomba asimame na wakwe. Alisema, "Mama Foto, picha inasimamisha mutu bila kazi mu mikono. Miye nikikosa kazi mu mikono, sijui nikuwe nani." Alisimama hata hivyo, kwa ajili ya binti yake, mikono imening'inia, uso mgumu. Niliipiga picha ile nikijua siyo yeye.

Viatu alivyovaa viliazimwa kwa shemeji yake na vilimbana. Wakati wa chakula nilipita mbele ya meza ya wazazi, nikaona miguu yake chini ya kitambaa, mitupu, imepumzika juu ya viatu vile kama juu ya mkeka. Mke wake naye akaiona.

"Papa Masika, vaa biatu. Bageni banaona."

"Bageni banakula. Habaangalie chini ya meza."

"Vaa biatu, nimesema. Siku ya binti yako unanipatisha haya."

Akamtazama mkewe, mkono mmoja umeshika paja la kuku, akacheka kicheko cha mtu aliyeshikwa. Hapo ndipo nilibonyeza. Alisikia mlio, akageuka. "We mama," akasema, "umeniiba." Na kweli nilimwiba. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote za siku ile, na mimi nilijua.

Siku iliyofuata tulirudi Butembo. Njiani palikuwa na kizuizi, na sitasema askari wake walikuwa wa upande gani, maana miaka ile upande ulibadilika kabla hujamaliza kuuliza. Kijana mmoja mwenye bunduki aliiona kamera shingoni mwa Papa Musubao, akaiomba, akaanza kuzipitia picha. Alitabasamu kwa bibi harusi. Alitabasamu kwa keki. Kisha akaacha kutabasamu. Nyuma ya maharusi wanaotoka kanisani kulikuwa na lori la askari linapita.

"Nani alibatuma kupiga kamio ya basoda?"

"Chef, ni harusi," nikasema. "Kamio ilipita yenyewe."

"Longola yango," akasema kwa Kilingala. Iondoe. Akamrudishia Papa Musubao kamera aiondoe mbele yake.

Papa Musubao alikuwa amezoea kamera yenye gurudumu la kuzungusha. Maandishi ya kwenye kioo yalikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeisoma. Nilinyoosha mkono nimsaidie, askari mwingine akaniambia nisimame mahali nilipo. Basi Papa Musubao akabonyeza. Kamera ikauliza kitu. Akabonyeza tena, haraka, kama mtu anayekubali kila anachoulizwa ili aondoke. Kioo kikawa cheusi na maneno machache katikati.

Yule kijana akainama kuangalia. Akachukua kamera, akabonyeza mbele, akabonyeza nyuma. Hakuna bibi harusi, hakuna keki, hakuna mtu.

"Mzee," akasema taratibu, "miye nilisema ile moja."

Hakututoza kitu. Aliinua kamba ya kizuizi yeye mwenyewe, akawaambia wenzake, "Bapite tu." Nadhani alihuzunika. Nimewaona askari wa kila namna katika maisha yangu, na huyo namkumbuka kwa sababu hiyo.

 Tulipofika Butembo Papa Musubao alitoa kadi kwenye kamera, akaifunga ndani ya karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, juu yake akaandika "Harusi ya Masika, Beni". Akafungua mkebe wa biskuti.

Hapo nikakasirika. Ilikuwa ndiyo kadi yetu kubwa, nyingine ilikuwa ndogo haitoshi ubatizo wa mapacha, na komunyo ya kwanza ilikuwa inakaribia parokia zote.

"Papa, iko vide. Hakuna kitu ndani. Tuitumikishe."

"Film zenye ziliunguaka na mwanga, tulizitupaka?"

"Hapana. Mais lakini film ni film. Hii ni sawa na sahani yenye bameosha."

"Hata sahani bameosha," akasema, "unajua nani alikulia ndani." Akafunga mkebe.

Nililalamika wiki nzima. Komunyo ya kwanza niliipiga kwa kadi ile ndogo, nikikimbia kila mara kuhamisha picha kwenye kompyuta ya cyber, na kila nilipopita mbele ya mikebe niliinung'unikia. Mzee huyu, nilisema, anafikiri kadi ni mtu.

Papa Musubao alikwenda Beni mwenyewe kuwaambia wazazi wa Masika. Nilifuatana naye kwa sababu nilimwonea huruma. Alisimama katikati ya sebule, kofia mkononi, akasema picha zote zimepotea, na kosa ni la kidole chake. Mama Masika alitazama chini. Lakini mnawajua watu wetu, hawakai na hasara, wanaigeuza iwe kazi. Mjomba mmoja alisema, "Bon, tutavaa tena." Hapo hapo wakaanza kupanga harusi ya pili: gauni bado lipo, padri ataombwa mlango wa kanisa tu, keki itakuwa ya sanduku lililopakwa rangi nyeupe, nani ataikata? Watu wakaanza kucheka. Papa Musubao akaambiwa aje na kamera ileile na kadi ileile, maana kadi haina kosa. Leo nikikumbuka neno hilo nasikia baridi mgongoni. Picha mpya zingelala juu ya zile za kwanza, na tungezizika sisi wenyewe, tukishangilia.

Papa Masika alisema atakuja, kwanza aende Mabalako kuvuna kakao iliyokuwa inaoza kwenye miti. "Mais mara hii," akasema, "munanipiga bila biatu. Nimeisha kubeba msalaba yangu." Mkewe akamwambia na ajaribu, aone. Ndivyo walivyoagana, kwa kutaniana.

Hakurudi. Watu wenye silaha waliingia mashambani asubuhi, wakati wa kazi. Majirani waliojificha walitoka baadaye, wakamzika pembeni mwa shamba lake haraka haraka, na barabara ikafungwa. Hakuna wa familia aliyeweza kufika. Kadi ya uchaguzi, ile yenye sura yake, aliitembeza kila siku kwenye mfuko wa shati kwa ajili ya vizuizi. Ilikwenda naye.

Kwetu, mwili usipopatikana, tunaweka picha. Meza ndogo, kitambaa cheupe, mshumaa. Anayekuja kilioni anaisalimu picha kwanza, ndipo anakaa na wenzake. Mama Masika alitandika meza, akawasha mshumaa, na juu yake hakuwa na kitu. Hakulia. Watu walifika, wakasimama mbele ya meza tupu bila kujua wafanye nini, na yeye aliwaambia, "Mukaye tu. Bado hajafika." Siku zikapita, bado anawaambia wakae, hajafika. Ndugu wakaanza kuogopa kwamba akili inamwacha.

Masika alikuja Butembo peke yake, kwenye pikipiki, na vumbi la njia nzima usoni. Alisimama mbele ya pazia lenye ndege.

"Mama Foto, hakuna hata moja ya papa? Hata ya mugongo?"

 Papa Musubao aliinuka, akashusha mkebe, akafungua karatasi ya fedha, akaweka kadi mkononi mwangu.  Sijui alitaka nifanye nini nayo. Nadhani hata yeye hakujua. Ila ilikuwa ndiyo kitu pekee duniani kilichokuwa kimemwona Papa Masika akicheka, nasi hatukuwa na kingine cha kumpa binti yake.

Tukaenda wote watatu kwa Kakule wa cyber. Kakule alikuwa amesoma seminari akaiacha, kisha akasoma kompyuta Kampala. Alikuwa na kipara, na hakupenda watu wanaogusa kioo kwa kidole. Nilimweleza. Hakuichukua kadi mara moja.

"Mama Foto, nisikie. Kamera haitupake picha. Inafuta tu jina. Ni sawa na sokoni: bamefuta jina ya mwenye mahali, mais bintu byake biko bado juu ya meza, mpaka mwingine akuye apange byake. Donc niko na swali moja. Kuna mutu alikuya kupanga?"

"Hapana. Haijapigwa tena."

"Una hakika? Batu bote bananiambiaka hapana, kisha nakuta ubatizo juu ya harusi."

"Ilikuwa ndani ya boîte ya biskwi," nikasema. "Papa hapa anatunzaka film zenye kuharibika."

Kakule alianza kucheka. Kisha akaacha, akajipapasa kipara, akamtazama Papa Musubao kwa namna nyingine. "Basi huyu muzee apewe bia," akasema, akaichukua kadi.

Akasukuma kile kidude cha pembeni kinachoifunga, akaiingiza kwenye kisomeo chake cha kadi, akaanzisha programu iliyotoka kwenye diski yenye mikwaruzo. Alituonya kwamba kila kitakachopatikana kitawekwa kwenye kompyuta, kamwe si kwenye kadi yenyewe, maana huwezi kuchota maji kisimani na kuyamwaga humo humo. Alituonya pia kwamba zitarudi bila majina na bila mpango. Jenereta ikanguruma nje. Tukangoja.

Za kwanza zikatokea. Mbuzi. Mbuzi amefungwa kwenye mti, mbuzi kwa mbele, mbuzi kwa upande, mbuzi wengine wapya. Kadi ile ilikuwa imetumiwa na mtu fulani kabla haijatufikia, na mtu huyo alipenda mbuzi. Papa Musubao akasogea karibu.

"Hii njo mbuzi ya mahari?"

Masika akasema, "Hapana, Papa. Za kwetu zilikuwa za kunona." Na akacheka kidogo, akashangaa kujisikia anacheka.

Halafu mlango wa kanisa ukatokea, na gauni, na keki. Nyingine zilirudi nusu, juu watu, chini rangi ya majivu. Ilipokuja picha ya familia, ile aliyosimama kwa kulazimika, Masika alishika ukingo wa meza. Majivu yalianzia kwenye vipaji vya nyuso. Tuliona miti, paa la parokia, kofia ya baba yake, hayo tu. Kakule alijaribu njia nyingine, ikaja vilevile. Masika akaweka kiganja mdomoni. Nikafikiri tumemletea msiba wa pili.

"Ngoja," Kakule akasema. "Haiyaisha."

Na ikaja. Nzima, pembe zote nne. Meza ya wazazi, paja la kuku mkononi, kicheko cha mtu aliyeshikwa, macho kwa mkewe. Na chini ya kitambaa, miguu mitupu juu ya viatu vya shemeji.  Papa Musubao alivua miwani, akaifuta na shati, akaivaa, akaivua tena.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Walisema kweli kuhusu maji. Walisema pia akiba haiozi, na mimi niliyeinung'unikia mikebe nimekuwa nikilirudia neno hilo tangu siku ile. Mzee yule hakujua kitu kuhusu kadi. Alijua tu kwamba mtu akishakaa mbele yako ukampiga picha, humtupi, hata mashine ikikuapia kwamba hayupo. Basi mkija kwangu na simu zenu mnalia, nitawauliza swali la Kakule, kama kuna aliyekuja kupanga vitu vyake juu. Na kama mlifanya haraka kupiga nyingine ili kujituliza moyo, nitakohoa.

Tulitoa picha mbili kwenye karatasi. Picha ya kilioni ni kichwa na mabega, ndivyo ilivyo desturi, kwa hiyo Papa Musubao alimkata Papa Masika vizuri kutoka kwenye meza, akaondoa kuku, akamwekea fremu nyeusi. Ile ya pili, nzima, nilimsihi tuichukue pia. Hakupenda. Mtu hasalimiwi na majirani akiwa hana viatu, alisema. Lakini alinikubalia.

Beni tuliwakuta watu sebuleni wamekaa mbele ya ile meza na mshumaa wake. Masika alipiga magoti, akampa mama yake ile ya fremu. Mama Masika aliitazama. Alikubali kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni, akaiweka pembeni. Akanyoosha mkono kwa ile iliyokuwa kwangu.

Aliishika karibu na mshumaa. Kidole chake kilishuka taratibu kutoka usoni, kikapita mkono wenye kuku, kikapita ukingo wa kitambaa, kikafika chini, kikakaa juu ya miguu. Uso wake wote ukabadilika. Akaisimamisha picha ile mezani, nzima, akainyoosha ikae sawa.

"Amefika," akawaambia watu.

Kisha akamsogelea mumewe, akamwambia kwa sauti ya mtu anayezungumza chumbani, "Achana na biatu, Papa Masika. Pumuzika." Ndipo akalia, na nyumba yote ikalia naye, na nyuma yangu nikamsikia Papa Musubao anakohoa, anakohoa, na siku hiyo hakuna aliyekuwa amekosea.